Bastola Chini ya Koti: Kiwango cha Mafunzo Kabla ya Kuibeba Nairobi

Siku nilipokabidhiwa leseni yangu nilikuwa nimepiga risasi kumi tu maishani. Zote kumi nilizipiga mchana mweupe, nimesimama wima, karatasi iko mita tano mbele yangu na hakuna aliyekuwa akinikimbiza. Aliyenisimamia alihesabu matundu, akanipa mkono, akasema nimehitimu. Nikarudi mjini na chuma kiunoni, najiona askari.

Wiki ya tatu, kwenye maegesho ya magari, bastola ilikuwa ikinibana nikataka kuisogeza. Nilipoirudisha kwenye holsta, ala yake ya kiunoni, pindo la shati likaingia pamoja nayo na kuivuta triga. Haikulia kwa sababu moja tu: asubuhi ile nilisahau kuingiza risasi chemba, pale inapokaa tayari kufyatuka. Usahaulifu ndio ulioniachia paja langu.

Tangu hapo nimejifunza upya, polepole na kwa gharama. Haya ninayoandika ni kwa mtu ambaye tayari ana leseni au yuko njiani kuipata, anataka kubeba bastola chini ya nguo katika jiji hili, na hajaambiwa na yeyote kiwango ni kipi.

Sheria inakudai nini

Bunduki za raia Kenya zinatawaliwa na Sheria ya Bunduki, Sura ya 114. Katiba ya 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya silaha. Unachopewa ni ruhusa, na aliyekupa anaweza kuichukua. Mwenye kauli ni Bodi ya Leseni za Bunduki. Itataka uwe na sababu ya kweli, uwe timamu wa akili, usiwe mlevi, na usiwe hatari kwa usalama wa umma. Andaa cheti cha tabia njema kutoka idara ya upelelezi (DCI), ripoti ya daktari na subira, maana utachunguzwa kuanzia kituo cha polisi cha eneo lako kwenda juu. Kupewa mara moja si kupewa daima. Desemba 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya, na waliokuwa nazo miaka mingi wakapanga foleni pamoja na wageni.

Isome Sura ya 114 yote. Utakuta adhabu nyingi, ila hutakuta saa ngapi ukae darasani wala risasi ngapi uzipige. Pengo hilo ndilo lililonipitisha mimi na matundu yangu kumi.

Wenzetu wameandika. Texas, anayetaka leseni ya kubeba hupiga risasi 50: ishirini kutoka yadi 3, ishirini kutoka yadi 7, kumi kutoka yadi 15, na lazima afikishe asilimia 70. Illinois hudai saa 16 za mafunzo na risasi 30, kumi kumi kutoka yadi 5, 7 na 10. New York, tangu sheria yao ya 2022, ni saa 16 darasani na saa 2 za kupiga risasi uwanjani. Karibu zaidi na sisi, Afrika Kusini haikupi leseni ya bunduki kabla hujapata cheti cha umahiri, kwa mujibu wa sheria yao namba 60 ya mwaka 2000. Yadi 7 ni kama mita sita na nusu, yaani urefu wa sebule kubwa. Hakuna hata mmoja kati yao anayekutaka uwe mdunguzi.

Kiwango ninachokupa hapa chini nimekichuma kwao na kukitia Nairobi ndani yake. Kikikushinda, iache bastola kwenye sefu.

Hatua ya kwanza: jihoji kabla ya kununua chochote

Jiulize ni nani anayekutisha, wapi, saa ngapi. Mfanyabiashara anayefunga duka usiku na kutembea na mauzo ya siku ana jibu. Aliyeona rafiki yake akiiweka juu ya meza ya nyama choma hana jibu, ana wivu tu.

Halafu jiulize kuhusu pombe. Kulewa ukiwa na bunduki ni kosa la jinai, na mimi sijawahi kukutana na mtu anayejua kwa uhakika ni chupa ya ngapi inayomgeuza. Sheria yangu ni nyepesi: siku ya bia bastola inabaki nyumbani, hata kama ni bia moja. Siku ya msiba pia, na wiki ya ugomvi na mke au mume. Januari 2020 DJ mmoja alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu huku Kilimani. Wewe usiipeleke bastola kwenye klabu kabisa.

Hatua ya pili: kanuni nne, mpaka ziingie mkononi

Mmarekani Jeff Cooper ndiye aliyezipanga hivi, na kila mkufunzi wa maana duniani huanzia hapo. Kila bastola ihesabu kuwa ina risasi. Usielekeze mdomo wake kwa kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga na umeamua. Mjue unayemlenga, na ujue kilicho nyuma yake.

Tatu za mwanzo hujifunzwa uwanjani. Ya nne ndiyo ngumu Nairobi, kwa sababu hapa nyuma ya mtu daima kuna mtu. Risasi ya milimita 9 hupenya mabati na mbao kama karatasi, na ikikosa kila kitu husafiri zaidi ya kilomita moja. Tembea siku moja kutoka Kencom mpaka Muthurwa saa kumi na moja jioni. Kila baada ya hatua ishirini simama ujiulize: jambazi angetokea hapa, risasi yangu ingeishia kwa nani? Nimefanya zoezi hilo mara nyingi. Mara nyingi jibu ni kwamba nisingeweza kupiga kabisa.

Hatua ya tatu: holsta na mkanda

Watu hutumia laki na ushei kununua bastola, kisha huitia kwenye kitambaa laini cha bei ya chai. Usifanye hivyo. Holsta inayofaa hufunika triga yote, imetengenezwa kwa umbo la bastola yako hasa (ya Glock 19 haiwi ya Ceska), na mdomo wake haujifungi ukishachomoa, ili uweze kuirudisha kwa mkono mmoja bila kuitazama. Mkanda uwe mgumu. Kubeba kiunoni bila holsta, kama wanavyofanya kwenye sinema, ni kujitafutia kiti cha magurudumu.

Zoea pia kuirudisha polepole. Kuchomoa kunaweza kuwa na haraka yake, lakini kurudisha hakuna haraka hata siku moja. Inua nguo kwa mkono wa pili, angalia kama holsta haina kitu ndani, kidole kinyooke pembeni, ndipo uisukume. Kisa changu cha maegesho kilikuwa cha sekunde moja ya kutotazama.

Fanya mazoezi na nguo unazovaa. Koti la Julai, baridi ikiwa kali, si shati la Januari. Dada anayebeba kwenye mkoba ana kazi zaidi: mfuko wa bastola uwe peke yake, hamna funguo wala rangi ya mdomo humo, na mkoba usining'inizwe kwenye kiti cha mkahawa.

Hatua ya nne: uwanja wa shabaha

Wakazi wa Nairobi wengi huenda Kirigiti, kule Kiambu. Popote uendapo, mpime mkufunzi kabla hajakupima. Anaanza na usalama au na kujisifu? Anakusahihisha mkono, au anasimama nyuma akichezea simu? Mimi niliokolewa na mzee mmoja mstaafu wa jeshi. Siku ya kwanza nilimwambia, "Afande, nataka kujifunza kupiga haraka." Akanijibu, "Kijana, wewe kwanza jifunze kukosa kidogo. Haraka itakuja yenyewe kama mgeni."

Saa nne za mwanzo sikupiga hata risasi moja. Nilifundishwa kuifungua bastola na kuthibitisha ni tupu kwa jicho na kwa kidole, kushika, kusimama, kuvuta triga bila kuitikisa. Kisha tukaanza mita tatu. Mtihani wake, ambao sasa ndio wangu, ni huu.

Chukua kadibodi yenye ukubwa wa kifua na kichwa cha mtu, bandika katikati ya kifua karatasi moja ya A4. Una risasi 50.

Mita 3, risasi 20. Kumi za kwanza unazipiga taratibu kwa mikono miwili. Kumi za pili unachomoa chini ya koti, unapiga mbili, unarudisha, mara tano. Kila jozi isizidi sekunde tatu tangu kipenga.

Mita 7, risasi 20. Tano kwa mkono mmoja wa kulia, tano kwa wa kushoto, maana mkono mwingine unaweza kuwa umeshika mtoto au umejeruhiwa. Kumi zilizobaki: tano, badilisha magazini, tano.

Mita 15, risasi 10, bila kukimbizwa na saa.

Ndani ya A4 ziwe 40 au zaidi. Hiyo ni asilimia 80, juu ya Texas na Illinois, na ni alama ile ile FBI huwataka maajenti wake wafikishe kwenye mtihani wao wa risasi 50. Lakini kuna sharti ambalo mzee hakulegeza hata siku moja: risasi moja ikitoka nje ya kadibodi yote, umefeli, hata kama zile 49 ziko katikati. "Hiyo moja imekwenda kwa mama mboga," alikuwa akisema, halafu anakunja karatasi.

Ongeza na zoezi la kukwama. Muombe mkufunzi achanganye risasi bandia kwenye magazini bila wewe kujua. Bastola ikigoma, piga kitako cha magazini kwa kiganja, vuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, mpaka mwisho uiachie, tazama kama bado kuna haja, ndipo uendelee. Atakayesimama akiikagua bastola kama fundi wa saa, arudi nyuma aanze tena.

Ukishapita, mashindano ya mtindo wa IDPA, chama cha mashindano ya bastola za kujilinda, yatakufaa kuliko kuendelea kutoboa karatasi peke yako. Unaanza bastola ikiwa imefunikwa na nguo, unajificha nyuma ya kizuizi, kuna shabaha za wabaya na za wasio na hatia, na ukimpiga asiye na hatia unaongezewa sekunde za adhabu mbele ya watu. Aibu hiyo ni mwalimu mzuri.

Hatua ya tano: nyumbani, bila risasi

Cheti chako kinataja kiasi cha risasi unachoruhusiwa, na risasi si bei ya mahindi. Kwa hiyo mazoezi mengi yatakuwa ya kufyatua bila risasi, dakika kumi, mara tatu kwa wiki. Kuna utaratibu wake, usiruke hata kipande. Risasi zote zipelekwe chumba kingine na mlango ufungwe. Kagua chemba na magazini mara tatu. Elekea ukuta wa mawe, si wa mbao, wala si upande wa jirani. Fanya kuchomoa, kulenga, kuvuta triga mara moja. Ukimaliza, sema kwa sauti, "Nimemaliza," ifungie bastola, na usiirudie siku hiyo. Wengi huharibu hapo hapo: wanaijaza, kisha wanakumbuka kurudia "mara moja ya mwisho."

Hatua ya sita: jifunze umbali wa Nairobi

Mwaka 1983 sajini wa polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu hukimbia futi 21, yaani mita sita na kidogo, kwa sekunde moja na nusu hivi. Ni muda ule ule ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa na kupiga. Sasa mlinganishe na wewe, koti limefungwa zipu, mfuko wa ununuzi mkononi.

Na mnyang'anyi wa hapa hakupi mita sita. Ngeta hutoka nyuma: mkono shingoni, miguu inaelea, mwenzake anapekua mifuko. Ukiwa katika hali hiyo bastola yako si kinga, ni zawadi. Kwa hiyo sehemu ya mafunzo iwe ya mikono mitupu: kulinda shingo, kujinasua, kuushika mkono unaoivuta bastola yako. Tafuta mwalimu wa judo au jiu-jitsu mara moja kwa wiki. Utanishukuru kwa hili kuliko kwa mita 15.

Wa pikipiki huja wawili, nyuma amekaa mwenye silaha, na mara nyingi wanataka simu au gari. Wape. Mbele ya mtu ambaye bastola yake imekwisha kukuelekea, hushindwi kwa sababu huna shabaha. Unashindwa kwa sababu yeye ameshaanza. Fundisho la kweli la kubeba ni kumwona kabla: simu iwe mfukoni ukifika kwenye geti la mtaa, milango imefungwa, nafasi imeachwa mbele ya gari ili uweze kutoka foleni.

Na giza. Nairobi jua huzama karibu saa kumi na mbili u nusu jioni mwaka mzima, na viwanja vingi tunavitumia mchana. Omba kipindi kimoja cha jioni, jifunze kushika tochi kwa mkono mmoja na bastola kwa mwingine. Usimpige kivuli. Kivuli cha mlangoni saa nane za usiku kinaweza kuwa mwanao aliyerudi kimya.

Hatua ya saba: lini unaruhusiwa

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaipeleka hoja ya kujitetea kwenye misingi ya "common law" ya Uingereza, yaani sheria inayotokana na maamuzi ya mahakama. Kwa lugha ya barazani: uwe uliamini kwa dhati kwamba maisha yako au ya mwingine yako hatarini sasa hivi, na nguvu uliyotumia iwe ya kiasi cha hatari hiyo. Mwizi anayekimbia na simu yako amekupa kisogo, na kisogo hakikutishi. Ukimpiga mgongoni, wewe ndiye mshtakiwa. Kumwonyesha dereva wa matatu bastola kwa sababu amekuchomekea si kujitetea hata kwa bahati mbaya, ni njia ya haraka ya kupoteza leseni na uhuru. Lipa wakili saa moja akueleze haya kabla, si baada.

Hatua ya nane: dakika kumi baada ya mlio

Hii haifundishwi karibu popote, nami nitakawia hapa.

Mlio ukitoka mjini, umati hukusanyika kabla ya moshi kuisha. Wanachoona ni mtu mwenye nguo za kawaida, bastola mkononi, mwingine chini. Hawajui nani jambazi. Polisi watakaofika hawajui pia, na baadhi yao nao watakuwa na nguo za kawaida. Kumbuka jengo la maduka la Westgate lilipovamiwa na magaidi, 21 Septemba 2013. Raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia na kuokoa watu, na siku hiyo hiyo afisa wa Recce, kikosi maalum cha polisi, aliuawa kwa risasi za wanajeshi wa upande wake. Kama waliofunzwa wanaweza kushindwa kutambuana, wewe asiyekujua mtu je?

Kwa hiyo zoeza haya mpaka yawe desturi. Hatari ikiisha, bastola irudi kwenye holsta. Sogea penye kizuizi. Piga 999 au 112: taja mahali, sema kuna mtu amepigwa risasi, sema wewe ni mmiliki mwenye leseni, eleza nguo ulizovaa. Polisi wakifika, mikono juu, viganja wazi, usiiguse bastola hata kuwaonyesha, fanya wanalosema. Usiokote maganda. Usimweleze mpita njia aliyewasha kamera. Toa jina lako na leseni, kisha omba wakili. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24.

Kama ni salama, msaidie aliye chini, hata kama ndiye aliyekuja kukuua. Kandamiza kidonda kwa nguvu na usiachie. Damu ikiruka kwenye mkono au mguu, funga mkanda wa kukazia damu upande wa juu wa kidonda, kuelekea kiwiliwili, vidole vitatu au vinne kutoka kwenye jeraha, kaza mpaka isimame, andika saa. Mimi hubeba mkanda huo kwenye gari na nimeshautumia mara moja, kwa dereva wa bodaboda aliyegongwa Thika Road. Bastola sijawahi kuitumia.

Hatua ya tisa: inapokuwa haiko kiunoni

Sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti ukutani. Ufunguo au namba asivijue mwingine asiye na leseni, hata mwenzi wako. Chini ya godoro si sefu, na mtoto wa miaka minne anapajua kuliko wewe. Kwenye gari usiiache. Ikipotea au ikiibwa, ripoti polisi papo hapo na uondoke na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, kwa sababu kila itakachofanya baadaye kitaanza kwa kuulizwa wewe.

Ratiba

Uwanjani mara moja kila miezi miwili ukiweza. Ule mtihani wa risasi 50 mara mbili kwa mwaka, mbele ya mtu mwingine anayehesabu. Huduma ya kwanza kila mwaka. Macho yapimwe kila mwaka, hasa ukishavuka arubaini, maana nundu ya mbele ya kulengea ndiyo ya kwanza kufifia. Weka daftari: tarehe, umbali, zilizoingia, zilizotoka.

La kwangu lina ukurasa wa Agosti mwaka jana: 46 kati ya 50, na moja nje ya kadibodi, mkono wa kushoto, mita 7. Mzee alikunja karatasi. Bastola ilikaa kwenye sefu wiki tano, nikapanda matatu na simu ya kabambe, mpaka nilipoupita tena.